Kupanda na Kupakiwa

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya mwaka jana, ila mimi nikiwa na wasiwasi huzeeka haraka, palikuwa na bibi mmoja mtaa wa Kichangani, Morogoro, aliyekataa kubebwa.

Jina lake Skolastika. Ni bibi yangu, mzaa mama. Kiharusi kilimnyang'anya miguu yote miwili, kikamdhoofisha na mkono mmoja, na siku aliyotoka hospitali wanaume wanne walimnyanyua kumtia kwenye teksi, wawili kwapani, wawili magotini. Kiatu kikadondoka. Kanga ikapanda. Mtaa ukatazama. Alipofikishwa kitandani akasema, "Mtu akininyanyua tena namng'ata."

Na meno anayo. Ishirini na sita. Niliyahesabu siku alipokuwa anacheka.

Basi akakaa. Mwaka wa kwanza hakuvuka geti. Mwaka wa pili hakuvuka geti. Mwaka wa tatu hakuvuka geti. Kiti cha magurudumu kilimzungusha uani, kikaishia hapo.

Sasa huyu bibi alikuwa na dada yake mkubwa, Bibi Teofila, anayeishi Matombo, huko milimani. Bibi Teofila masikio yake yameziba, hasikii hata kengele ya kanisa iliyo jirani yake, kwa hiyo simu kwake ni kipande cha plastiki tu. Ukitaka kuzungumza naye lazima akuone. Na kuja mjini hawezi, maana akikanyaga ndani ya gari tu anatapika. Tena yeye ni mkubwa. Mdogo ndiye wa kumfuata mkubwa. Miaka mitatu akamsubiri mdogo wake. Mwishowe akatuma neno kwa mama mmoja aliyekuwa anashusha ndizi sokoni: "Mwambieni Skola asije tena. Nimeshazoea kutokuwepo kwake."

Neno hilo lilipofika, Bibi hakula siku mbili. Siku ya tatu akamwita mwanawe wa kiume, Deodatus, ambaye kwangu ni mjomba. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito. Akikohoa, mama yangu anasimama. Bibi akamwambia, "Deo, nifikishe kwa dada yangu. Lakini nisiguswe."

Hapo ndipo hadithi inapoanza, wasikilizaji wangu. Walikuwepo watu watatu. Kila mmoja alikuwa na wema wake, na kila mmoja alikuwa na kosa lake. Sikilizeni vizuri, maana mwisho mtahukumu ninyi.

Mtu wa kwanza ni Mjomba Deodatus. Alifanya kazi stesheni ya treni miaka thelathini na moja, na mpaka leo akiingia sebuleni hutazama saa. Alihangaika hadi akapata yadi moja Dar es Salaam yenye magari mawili ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa viti vya magurudumu. Yote mawili yana rampu, yaani ubao wa chuma unaokunjuliwa mpaka chini, kiti kikapanda chenyewe bila mtu kunyanyuliwa. Moja rampu yake iko ubavuni. La pili rampu yake iko nyuma. Mwenye yadi akasema, "Chagueni mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nauza."

Mtu wa pili ni Fundi Chanzi, jirani yetu, mchomeleaji wa mageti, ambaye pia ndiye angeliendesha gari. Fundi Chanzi haongei sana, na bora angekuwa haongei kabisa, kama mtakavyosikia.

Mtu wa tatu, nasikitika kusema, ni mimi. Editruda. Nina shahada ya takwimu. Mjomba aliponitazama na kusema, "Wewe umesoma, pima," nililia kidogo chooni kwa furaha, kisha nikaanza kuogopa, na kuogopa huko hakujaisha.

Nikapima. Nilipima uchochoro wetu, ule unaopita kati ya ukuta wa jirani na mtaro. Nikapima kwa futi ya kitambaa. Nikakumbuka kwamba kitambaa huvutika, nikaazima ya chuma. Nikakumbuka kwamba chuma hutanuka kwa joto, nikarudia asubuhi. Nilitengeneza jedwali lenye safu arobaini na moja. Safu ya thelathini na tatu ilihusu mbuzi wa jirani, uwezekano wake wa kulala njiani.

Bibi mwenyewe nikampima kwenye kiti chake, kutoka ardhini mpaka utosini: sentimita mia moja ishirini na tisa. Nikampima tena akiwa ameshiba. Zilezile.

Jioni moja tukakaa uani kuamua. Bibi alikuwa ndani, dirisha wazi, anajifanya kusinzia.

Mjomba akasema, "La ubavuni. Hakuna mjadala."

"Kwa nini, mzee?" Fundi Chanzi akauliza.

"Kwa sababu mimi nimekaa relini, Chanzi. Abiria ana mlango wake na mzigo una mlango wake. Mtu hupanda. Mzigo hupakiwa. Ubavuni unapanda. Nyuma unapakiwa. Nyuma ya gari wanaingia nani? Magunia ya mpunga. Mbuzi. Maiti."

"Mlango ni mlango, mzee."

"Ndiyo maana wewe unauza mageti."

Nikasema, "Mjomba, samahani. Uchochoro una mita tatu na sentimita kumi. Gari lina mita moja na sabini. Inabaki mita moja na arobaini. Rampu ya ubavuni ikikunjuliwa, na kiti kikapata pa kugeukia, tunahitaji mita mbili na arobaini. Tumepungukiwa mita moja kamili."

"Tutapaki barabarani."

"Upande wa kushoto kuna mtaro, Mjomba. Rampu itashukia mtaroni."

"Upande wa kulia?"

"Mlango uko kushoto tu. Tukigeuza gari litazame mjini, mlango unafungukia katikati ya barabara. Bodaboda zinapita hapo mia moja na kumi na nne kwa saa."

Mjomba akanitazama. "Umezihesabu?"

"Mara tatu. Nimechukua wastani."

"Editruda," akasema kwa upole wa kutisha, "wewe utaolewa kweli?"

Fundi Chanzi akacheka mpaka akapaliwa. Lakini takwimu ni takwimu. Mlango wa nyuma una kimo cha sentimita mia moja thelathini na nne. Bibi ana mia moja ishirini na tisa. Anabakiwa na tano. Na nyuma ya gari uchochoro una nafasi ya kutosha kabisa. Mjomba akaguna, akatazama saa, akasema, "Haya. La nyuma." Nami kwa kuwa nimeshinda nikashikwa na hofu, nikaomba siku nyingine kumi na tisa za kuhakiki. Tukaagiza gari Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho.

Gari likaja. Jeupe, safi, linanukia nchi ya watu. Asubuhi ya Jumamosi tukaliingiza uchochoroni, mgongo wake ukitazama geti letu. Fundi Chanzi akakunjua rampu. Chuma kikagusa ardhi taratibu. Mbuzi hakuwepo. Nikaweka alama ya vema kwenye safu ya thelathini na tatu.

Bibi akatokea uani. Jamani, Bibi alikuwa amependeza! Kitenge kipya cha maua ya manjano, na juu kilemba cha kitenge hichohicho, kikubwa, kimesimama, fundo lake liko kisogoni. Nikapiga makofi. Kumbukeni, nilipiga makofi. Nilikiona kile kilemba kwa macho yangu mawili yaliyosomeshwa, nikakipigia makofi.

Fundi Chanzi akafuta mikono kwa tambara, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Haya jamani, tumpakie Bibi twende."

Magurudumu ya kiti yakasimama.

"Umesemaje?" Bibi akauliza.

"Nimesema... tupande, Bibi."

"Nilisinzia siku ile, lakini masikio hayakusinzia. Mtu hupanda. Mzigo hupakiwa. Nyuma wanaingia magunia, mbuzi na maiti. Alisema nani hayo, Deo?"

Mjomba akatazama saa.

"Mimi si gunia," Bibi akasema. "Mbuzi mnamjua. Na maiti nitakuwa, ila si leo." Akainama, akafunga breki ya kulia ya kiti. Kwa! Akafunga ya kushoto. Kwa! Kiti kikawa kama kimejengewa.

Tukambembeleza. Mama yangu akambembeleza, hakusikia. Fundi Chanzi akaomba radhi kwa magoti, hakusikia. Mimi nikamweleza kwa takwimu, na hapo akazidi kukasirika. Saa tatu ikapita, saa nne ikaingia. Matombo kule dada yake hajui kama tunakuja. Anajua tu kwamba hatuji.

Ndipo Mjomba akainuka. Akaingia ndani, tukasikia viti vinaburutwa. Akatoka na pazia la mlango wa sebuleni, lile la lesi nyeupe lililodariziwa njiwa wawili, la mkono wa Bibi mwenyewe enzi za ujana wake. Akalitundika kwenye mlango wa nyuma wa gari kwa vibanio vya nguo. Akatandika mkeka mdogo kwenye rampu. Kisha mwenyewe akazunguka, akaingia gari kwa mlango wa mbele, akapenya mpaka nyuma, akakaa ndani ya pazia.

Bibi akalitazama pazia lake. Upepo ukalitikisa, njiwa wakacheza.

Mwishoni Bibi akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu tu, "Hodi?"

Kutoka ndani Mjomba akaitika, "Karibu, mama. Karibu ndani. Pita."

Wasikilizaji, nani anaweza kumpakia mtu aliyebisha hodi? Bibi akafungua breki ya kulia. Akafungua ya kushoto. Akasukuma magurudumu kwa mikono yake miwili, hata ule dhaifu, akapanda rampu mwenyewe, akafika juu, pazia likapeperuka, na kilemba kikagonga bodi ya gari. Du!

Akarudi nyuma taratibu. Akakishika kilemba. Akanigeukia mimi. Kila mtu akanigeukia mimi. Nadhani hata mbuzi, ambaye sasa alikuwa amefika.

"Editruda. Ulipima nini?"

"Nilikupima wewe, Bibi."

"Nikiwa na nini kichwani?"

Nikafungua jedwali. Sijui nilitegemea kuona nini. "Ukiwa... kichwa wazi, Bibi."

"Kichwa wazi naenda wapi mimi? Nimeshawahi kutoka nyumbani kichwa wazi? Tangu nibatizwe?"

Safu arobaini na moja. Mbuzi yumo, wastani wa bodaboda umo, kilemba hakimo. Nikakipima palepale: sentimita kumi na mbili. Mia moja ishirini na tisa jumlisha kumi na mbili, mia moja arobaini na moja. Mlango, mia moja thelathini na nne. Nikasema kwa sauti ndogo, "Tumezidi kwa saba."

"Bibi akivue kidogo, atakifunga tena njiani," mama yangu akasema.

"Nilikifunga kwa saa nzima," Bibi akajibu, "mkono mmoja hauna nguvu. Na nikikivua, siendi."

Nikakaa chini, kwenye mtaro. Si kando ya mtaro, mtaroni. Nilifikiri: Bibi Teofila, na uzee wake wote, huko mlimani, atakufa akiamini amesahauliwa, na sababu itakuwa mimi, mwenye shahada.

Fundi Chanzi hakusema neno, alikuwa amejifunza. Akaenda karakana, akarudi na tyubu kuukuu ya lori na mkasi. Akamwomba Bibi ahamie kitandani, na Bibi akahama mwenyewe kwa ubao wake laini anaotelezea kutoka kitini mpaka kitandani, asiguswe. Fundi akang'oa godoro la kiti na kitambaa chake. Akakata tyubu vipande virefu, akavisuka kwenye fremu kama wanavyosuka vitanda, lakini akavilegeza, vikashuka katikati. Kazi ya saa moja na robo. Bibi akarudi kitini, akadidimia kidogo, akatikisika, akasema, "Mh. Hata ni laini." Nikampima na kilemba chake: mia moja thelathini na mbili. Ameshuka tisa. Zimebaki mbili.

"Hodi?"

"Karibu, mama."

Akapita. Sentimita mbili, jamani. Mimi niliwahi kufaulu mitihani kwa nafasi kubwa zaidi ya hiyo na bado nilikosa usingizi.

Tukasafiri. Barabara ya Matombo inajua kupanda na inajua kushuka. Bibi alikaa katikati ya gari, mikanda imeshika kiti, uso wake unatazama mbele, anaisoma milima kwa majina. Saa nane tukafika. Bibi Teofila alikuwa amekaa barazani, mkongojo mapajani. Fundi Chanzi akaligeuza gari kwa ustadi, akarudi kinyumenyume mpaka rampu ikawa inaelekea baraza. Mjomba akafungua mlango wa nyuma, akakunjua rampu, akashika pazia, akalivuta pembeni kama mtu anayefungua jukwaa.

Na hapo ndipo nilipoona safu ya arobaini na mbili, ile ambayo sikuiandika.

Gari la mlango wa nyuma abiria wake hutazama mbele. Kwa hiyo anayesimama nyuma huona nini? Kisogo. Baada ya miaka mitatu, mdogo mtu kaja kwa dada yake mkubwa, mlango umefunguliwa, na anampa kisogo. Gari la ubavuni Bibi angegeuzwa humohumo ndani, akashuka uso kwa uso. Lakini sisi tulichagua nyuma. Mimi nilichagua nyuma.

Bibi Teofila akanyanyuka. Akaongea kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Huyo ni Skola? Kasafiri mpaka huku kuja kunipa kisogo?"

"Dada!" Bibi akaita, anahangaika kugeuka, mikanda inamkaba. "Dada, subiri, nafunguliwa!" Lakini anamwita nani? Anayesikia kwa macho, na macho hayaoni mdomo.

Fundi Chanzi akaruka kufungua mikanda; kifungo kikakwama. Bibi Teofila akachukua mkongojo wake, akaelekea mlangoni kwake. Hatua moja. Hatua ya pili. Akageuka kutazama mara ya mwisho, kama mtu anayetaka kulikumbuka vizuri tusi alilotukanwa.

Akasimama.

Akasogea kwenye rampu. Akanyoosha shingo. "Lile fundo," akasema.

Akalinyooshea mkongojo.

"Lile fundo ni la mama. Mama ndiye aliyekuwa anafunga hivi, kisogoni, ncha moja juu ncha moja chini. Mimi sikuliweza. Skola ndiye aliyefundishwa." Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayajui. "Nilikuwa natembea nyuma ya mama kwenda mtoni, nalitazama. Miaka yote hii silioni."

Kisha akafanya jambo ambalo halimo kwenye jedwali la mtu yeyote. Yule bibi anayetapika akikanyaga gari akalichukua pazia mkononi mwa Mjomba, akaliachia likaning'inia, akasimama mbele yake, akagonga rampu kwa mkongojo. "Hodi!"

Ndani, Bibi akanyanyua mkono wake wenye nguvu juu ya kilemba, akaupunga nyuma, ukaonekana kupitia matundu ya lesi: pita, pita.

Akapita. Pazia likafunga. Tukasikia, "Usigeuke kwanza, niache nilishike." Baadaye tukasikia kicheko, halafu ugomvi kuhusu kuku fulani aliyeibwa walipokuwa wasichana, halafu kicheko tena. Walikaa humo hadi saa kumi na moja. Bibi Teofila hakutapika. Bibi Skolastika hakushuka garini hata kidogo, wala hakuguswa, isipokuwa na yule aliyetaka yeye mwenyewe.

Tuliporudi Kichangani, Bibi akasema, "Gari hili litaandikwa jina kioo cha nyuma, kama magari ya watu. Liandikwe la aliyenifikisha kwa dada yangu. Moja tu, kioo si orodha ya wageni."

Mchoraji wa mabango akaja na rangi nyekundu. Akachovya brashi, akauliza, "Niandike nani?"

Mjomba Deodatus akasema, "Andika DEO. Gari nililitafuta mimi. Pazia nililitundika mimi. Bila pazia Bibi angebaki uani na breki zake, na bila pazia dada yake asingekuwa na mahali pa kubisha hodi." Kweli. Lakini ni yeye aliyemfundisha Bibi lile neno la kupakiwa.

Fundi Chanzi akasema, "Andika CHANZI. Mapazia mengi, lakini kilemba kilikuwa hakipiti. Mimi ndiye niliyekipitisha bila kukivua. Kingevuliwa, lile fundo lingeonekana wapi?" Kweli. Lakini ni yeye aliyelitamka neno lenyewe, mbele ya Bibi, asubuhi ya safari.

Na mimi nikasema, huku mashavu yananiwaka, "Andika EDITRUDA. Mimi nilichagua mlango wa nyuma. Gari la ubavuni lisingekunjua rampu uchochoroni, na hata lingekunjua, Bibi angeshuka uso kwa uso, na fundo lisingeonwa na mtu." Kweli. Lakini nilichagua mlango wa nyuma kwa sababu nilisahau kilemba. Ningekikumbuka, namba zingenikatalia la nyuma kwa kimo na la ubavuni kwa upana, na Bibi angekuwa uani hadi leo, akizungukwa na jedwali lisilo na kosa hata moja. Dai langu lote ni kosa langu. Nimelihakiki mara tatu.

Bibi akatusikiliza. Akagusa kilemba chake, akatabasamu kwa meno yote ishirini na sita, akasema, "Waulizeni watu."

Basi nawauliza. Mchoraji amesimama, rangi inakauka kwenye brashi, na mbuzi ameanza kuiramba ndoo. Aliyetundika pazia, aliyesuka kiti, au aliyekosea vipimo: je, ni jina la nani lililostahili kuandikwa kwenye kioo kile?

Na mkishapatana, niambieni pia herufi ziwe na kimo gani. Futi ninayo hapa.